Mkalimani wa Kasensero

Nilitafuta neno la bomba.
Kiganda kikanipa mudumu,
na mudumu ni bomba, na mudumu ni mtutu wa bunduki.
Nikasema: wanataka kulaza mudumu chini ya ziwa.
Watu wakatazama mlango.

Tulikuwa bandani, pale wanapopimia sangara.
Ramani imetandazwa juu ya meza ya vigae,
pembe zake zimekandamizwa kwa
jiwe la mizani, chupa ya soda,
kufuli, na simu ya bwana Mutembei
iliyokuwa ikitetemeka kila mara bila kupokewa.

Kiswahili changu nilikiokota Mutukula,
kwenye foleni ya malori, nikiuza chapati na mayai.
Kwa mama yangu hii ilikuwa lugha ya fungua mlango,
lugha ya lala chini.
Leo imevaa kofia ngumu ya manjano
na inasema tafadhali.

Mutembei akasema: gesi itatoka kusini,
itaingia majini upande wetu, itaibukia upande wenu.
Akapitisha kidole juu ya mpaka,
mstari mnyoofu, nyuzi moja chini ya ikweta,
uliopigwa kwa rula na mtu ambaye hakulowa.
Afisa wa Kampala akatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo,
akaitazama saa.

Nikatafsiri meko. Nikatafsiri bei nafuu.
Nikatafsiri nyavu zikikwama nani atalipa,
na jibu lake, ambalo lilikuwa refu
na halikuwa na mtu ndani.
Nilikuwa mwepesi siku hiyo. Maneno yalikuwa yakija
kama chenji.

Ndipo Nabbosa akasimama,
Nabbosa wa mukene, chumvi imemkausha vidole.
Akauliza: ile mashine yenu iliyopita juma lililopita
ikisoma chini,
iliwaona?

Hakuna aliyeuliza akina nani.
Mwaka ule mto Kagera ulipotuletea watu,
kwanza mmoja mmoja, kisha bila hesabu,
mimi nilikuwa mtoto, nilikatazwa kwenda ufukweni.
Yeye alivua mshipi wa gomesi, akaufunga puani,
akaingia hadi kifuani, akavuta.
Waliopatikana wana saruji juu yao na majani yanafyekwa.
Nabbosa anauliza juu ya wengine.

— Mama anasemaje?

Nilikuwa na maneno. Naapa nilikuwa nayo,
yote, ya Kiswahili, tena mepesi:
maiti, mto, mashine, kuona.
Mtoto wa shule angeyapanga.
Nikasema: Anauliza kuhusu mazingira.

Karani akaandika: Mazingira.
Akapigia mstari.

Lakini mwisho wa meza alikuwapo mhandisi,
binti wa Bukoba, Kokubanza jina lake,
ambaye tangu asubuhi alikuwa akichonga penseli tu.
Akainua kichwa.
Nilikuwa nimesahau: Kihaya na Kiganda
vimenyonya ziwa moja.

Hakunisahihisha. Ingekuwa nafuu.
Alizunguka meza, akapita nyuma ya kiti changu,
akamwuliza Nabbosa kwa lugha ya kwao
neno moja ambalo halikunihitaji:
wapi?

Nabbosa akanyoosha mdomo kuelekea maji,
kama tunavyoonyesha sisi, bila mkono.
Penseli ikatembea juu ya ule mstari mwekundu,
polepole, ikakaribia mahali mto unapotapika,
ikasita,
ikakaa hewani.

Bwana Mutembei alikuwa akisema jambo kuhusu ratiba.
Hakuna aliyeniomba nilitafsiri.

Jioni wakaleta fomu ya posho.
Kazi: mkalimani.
Lugha: mbili.
Nikatia sahihi. Fedha zilikuwa kamili,
nikazihesabu mara tatu
nikisubiri zipungue.